Machozi Aliyopewa Mwingine

Fundi hakuingia jikoni kupekua. Friji ndiyo iliyomwita.

Hata nusu saa haikuwa imepita tangu aweke begi lake chini kwenye nyumba ya mchumba wake, huko ugenini, baada ya ndege mbili na mabasi mawili. Mshale alikuwa anaoga. Maji yalisikika yakimwagika bafuni, na kutoka jikoni ikaja ngurumo ndefu, ikakatika, ikaanza tena. Mtu mwingine angeisikia kama kelele tu. Fundi, aliyemaliza miaka kumi na mmoja akitengeneza mafriji, aliisikia kama kikohozi cha mgonjwa.

"Hii haipumziki," alijisemea. "Mlango haufungi vizuri."

Akaufungua aangalie mpira wa mlango. Hakuufikia.

Mbele ya macho yake kulikuwa na makopo matatu ya plastiki, yamejipanga kama askari wa gwaride. Kila kopo lilibandikwa karatasi, na kila karatasi iliandikwa kwa wino mzito, kwa lugha ya kwao: Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Lile la Ijumaa lilikuwa na nyongeza chini yake: Umalize. Usinirudishie kopo lenye chakula.

Hayakuwa maandishi ya Mshale. Herufi za Mshale zililala upande kama watu waliochoka. Hizi zilisimama wima, moja moja, za mtu mwenye nidhamu. Na katika mji huu ambao hata kuuliza choo kiko wapi kulimtoa jasho, ni nani aliyejua kuandika Alhamisi?

Mshale akatoka bafuni na kitambaa kichwani na fulana kubwa hadi magotini. Miezi saba Fundi alikuwa akiitazama sura ile kwenye kioo cha simu, upana wa kiganja. Sasa ilikuwa mbele yake nzima, imekonda kidogo mashavuni, macho yale yale ya mtu anayekaribia kucheka. Moyo wake ulitaka kumkimbilia. Mdomo ukawahi.

"Nani anakupikia?"

"Hata hujanitazama vizuri, ushafungua friji?"

"Friji yako inaumwa. Nani anakupikia?"

Mshale akacheka. "Profesa. Si nilikwambia? Mwalimu wetu wa washambuliaji. Ni mtu wa kwetu yule, yuko huku miaka ishirini sasa."

"Uliniambia ni mzee."

"Nilisema ni mtu mzima."

"Mtu mzima wa miaka mingapi?"

"Fundi!"

"Nauliza tu."

"Arobaini na miwili."

Fundi mwenyewe alikuwa na thelathini na mmoja. Arobaini na miwili si uzee, aliwaza. Ni umri wa mwanaume ambaye ujana haujamwisha na kupika ameshajua.

"Ana mke?"

"Waliachana." Mshale aliufunga mlango wa friji kwa nyonga. "Ana kila kitu cha kukuudhi, naona. Njoo nikukumbatie, umetoka mbali."

Akamkumbatia. Alinukia sabuni. Fundi alifumba macho, na hata humo gizani akaziona zile herufi zilizosimama wima.

Kwao, Mshale alikuwa jina la kila mdomo. Mabao ishirini na sita kwa msimu mmoja, na watu wakaanza kusema akiufyatua mpira huuoni mpaka umefika. Walikutana siku Fundi alipoitwa klabuni kwao kutengeneza mashine ya barafu, naye akaja anachechemea, anadai barafu, na mashine iko chini vipande vipande. Alimtukana kwa dakika tano nzima. Fundi aliwaambia wenzake jioni ile kwamba amepata mke. Tangu hapo alikuwa akimeza maneno. Shangazi yake alisema, "Mchumba gani anayeonwa magoti na uwanja mzima?" Wenzake wa karakana walimwambia kwamba kwa jinsi anavyomfuata, mwenye kuolewa ni yeye. Na mama yake alikuwa na lake zito zaidi, ambalo Fundi hakuwahi kulipeleka kwenye simu. Mshale alijua mama amekubali. Ndivyo Fundi alivyomwambia.

Walikula. Chakula kutoka kopo la Jumatano kilikuwa kitamu, na hilo lilimuudhi Fundi zaidi.

"Jumamosi mnacheza hapa nyumbani, sivyo?" aliuliza. "Siku zangu nimezipanga niione hiyo mechi."

Kijiko cha Mshale kikasimama njiani. "Jumamosi usije."

"Nisije?"

"Tiketi zimeisha."

"Mshale, wewe mwenyewe uliniambia huku hata nusu uwanja haujai."

"Basi utanitia wasiwasi. Nikikuona sitacheza vizuri."

Fundi akaweka kijiko chini. Kwao huyu mwanamke hakuwa anakubali mpira uanze kabla hajamwona jukwaani. Angezungusha macho mstari kwa mstari, akimpata anagusa sikio lake mwenyewe, ndipo anageukia lango. Leo macho ya Fundi yamekuwa wasiwasi?

Simu ya Mshale ikawaka mezani. Fundi hakukusudia kusoma, lakini macho hayana adabu. Profesa: Amefika salama? Mwambie leo leo.

"Uniambie nini?"

Mshale aliigeuza simu kifudifudi. "Mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi unaniambia mimi?"

"Umechoka, Fundi. Na mimi nimechoka. Tafadhali."

Akalala kwenye kochi la sebuleni, kama walivyokubaliana tangu mwanzo mpaka siku ya ndoa. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga hawakukosea. Aliigeuza methali ile kichwani kila upande, akatafuta upande usiomchoma, asiupate.

* * *

Kesho yake Mshale aliondoka saa mbili asubuhi. "Mazoezi yanaisha saa sita," alisema mlangoni, "lakini huwa nabaki kidogo. Nitarudi kama saa tisa."

Kidogo cha saa tatu nzima. Fundi alitengeneza mpira wa mlango wa friji kwa maji ya moto na subira, akafagia sakafu ambayo haikuwa na taka, kisha saa sita kasorobo akavaa koti na kutoka. Alimwonyesha dereva wa basi jina la klabu kwenye simu, dereva akamwonyesha vidole vinne, naye akahesabu vituo kama mtoto anayejifunza namba.

Uwanja wa mazoezi ulizungushiwa wavu wa chuma. Alipofika, wachezaji walikuwa wanatoka makundi makundi, nywele mbichi, mabegi begani, wanacheka kwa lugha isiyomhusu. Mshale hakuwemo. Alisogea mpaka kwenye kona ya wavu, akawaona. Wawili tu, nyasi zote zile.

Alimwomba Mungu Profesa awe na kitambi. Hakuwa nacho. Alikuwa mrefu, mkavu, mvi kidogo kwenye ndevu, filimbi shingoni, na alimwaga krosi kwa mguu wa kushoto bila hata kuangalia chini.

"Bila kusimamisha!" alipaza sauti. "Huku beki hakusubiri unywe chai!"

Mpira ukaja. Mshale aliusimamisha.

"Nini nimesema?"

Mwingine ukaja. Akaupiga moja kwa moja, ukapaa juu ya lango na kugonga wavu wa uzio karibu na kichwa cha Fundi. Mwingine ukatoka nje. Mwingine ukagonga mwamba. Fundi alishika wavu kwa vidole. Yule hakuwa Mshale anayemjua. Mshale anayemjua alipiga kabla hajafikiri. Huyu alifikiri, akafikiri tena, na mguu ukafika mpira umeshaondoka.

Baada ya mpira wa kumi na mbili au kumi na tatu, Mshale alikaa chini kwenye nyasi. Akaivuta jezi ikamfunika uso. Mabega yakaanza kutikisika.

Profesa alimwendea taratibu. Alichutama mbele yake, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kama mtu anayepima homa.

Fundi hakuona tena uwanja, wala mipira, wala mchana. Aliona kile kiganja. Baadaye hakukumbuka alipita lango lipi.

"Toa mkono wako."

Wote wawili wakageuka. Mshale aliishusha jezi haraka, uso umelowa. "Fundi! Umefikaje huku?"

"Kwa basi. Wewe, toa mkono."

"Nimeshautoa," alisema Profesa, akasimama. Alimtazama Fundi toka viatu mpaka kichwani bila dharau. "Karibu, shemeji. Pole na safari."

"Mimi si shemeji yako."

"Haya."

"Unampikia mchumba wangu. Unamwandikia siku za wiki kama mtoto wa chekechea. Mnabaki wawili saa tatu nzima kila siku. Jana unamtumia ujumbe aniambie leo leo. Basi niambie wewe. Niambie hapa hapa, mwanaume kwa mwanaume!"

Profesa alimgeukia Mshale. "Hukumwambia?"

Mshale aling'oa jani la nyasi.

"Mwezi wa pili huu nakwambia, binti. Mweleze mwenzio." Akaokota mpira mmoja, akauweka kwapani. "Nampikia kwa sababu alikuwa hali, akadondoka mazoezini. Klabu iliniagiza mimi kwa kuwa najua lugha yake. Hayo ndiyo yangu. Yaliyobaki ni yenu wawili, mimi nakusanya mipira."

Na kweli akaenda kukusanya mipira.

Walikaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, kila mtu kwenye ncha yake. Upepo ulikuwa mkali. Mshale alijifuta uso kwa mkono wa jezi.

"Sichezi," alisema.

"Huchezi nini?"

"Mpira. Sichezi, Fundi. Tumeshacheza mechi tisa msimu huu. Tatu za kwanza nilianza. Mbili niliingia dakika za mwisho. Hizi nne sikuwekwa hata akiba. Nakaa jukwaani na trakisuti kama mtalii."

"Juzi juzi tu uliniambia beki alikuvuta jezi, ukanyimwa penalti."

"Alivutwa mwenzangu, yule mpya wanayempa namba tisa. Nilikuwa juu nawaangalia. Nilipokupigia nikasema ni mimi."

Fundi alikumbuka siku ile. Aliikasirikia penalti ile wiki nzima. Aliwasimulia wateja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenijibu nini?"

"Ningekufariji! Unajua inavyouma? Mimi nasubiri simu yako kama mfungwa anayesubiri msamaha, unaniletea mechi za mtu mwingine. Halafu machozi yenyewe unampa yeye. Afadhali ningekuta mmeshikana mikono, ningejua nipigane na nini!"

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Kucheka unacheka na mimi. Kulia unalia na yeye. Mchumba wako ni nani kati yetu?"

Mshale alimgeukia sasa. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Bado sijamaliza. Wamesema dirisha dogo la usajili likifunguliwa na mimi bado hivi, watanirudisha nyumbani."

Alimtazama usoni. Kisha Mshale akainuka ghafla, kana kwamba benchi limemchoma.

"Umefurahi."

"Nani?"

"Nimekuona! Nimesema nyumbani, uso wako ukafunguka. Sekunde moja tu, Fundi, lakini nimekuona. Sasa unaniuliza kwa nini sikukwambia? Ndiyo hiyo sababu. Profesa nikimwambia nimeshindwa, anaumia. Wewe nilijua utafurahi."

Fundi alifungua mdomo akatae. Angeweza. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeshavaa viatu. Lakini alimtazama yule mwanamke amesimama kwenye upepo na soksi zilizoshuka, akaona aibu.

"Ndiyo," alisema. "Nimefurahi."

Mshale aliduwaa. Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo.

"Nakuonea wivu na huyu bwana, lakini si yeye tu. Nauonea wivu mpira. Nauchukia tangu siku ulipopanda ndege. Kila ukikosa goli nasikitika nawe kwenye simu, na ndani kuna kitu kinasema, basi, atarudi. Sikipendi kitu hicho. Lakini kipo." Akageukia uwanja. "Na kuna lingine. Mama hajakubali."

"Nini?"

"Hajawahi kukubali. Alisema hataki mkwe wa kukimbia uwanjani. Nikamwahidi kwamba tukioana utaacha mpira. Ndiyo maana akanyamaza. Nikakwambia amekubali."

"Uliahidi?" Mshale alisema polepole. "Miguu yangu hii? Uliahidi miguu yangu bila kuniuliza?"

"Niliogopa kukukosa."

"Mimi nakwambia uongo wa penalti, wewe umeniuza mzima mzima!" Sauti ilipanda, na kule mbali Profesa akajifanya anahesabu mipira. "Sasa nifanye nini na wewe, Fundi? Hebu niambie. Klabu haina uhakika na mimi, mwalimu mkuu hanitazami usoni, na wewe niliyedhani ni wangu, kumbe na wewe unangoja nianguke!"

Fundi akafungua zipu ya koti. Akatoa simu, akapiga, akaibonyeza ili sauti isikike na wote, akaiweka katikati ya benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Huko baridi?"

"Nimekula. Mama, lile nililokwambia kwamba Mshale ataacha mpira. Sikumwuliza. Nilijitungia mwenyewe."

Simu ilinyamaza mpaka wakadhani imekatika.

"Yuko hapo?"

"Shikamoo mama," Mshale akasema, amesimama.

"Marahaba, binti. Hebu nijibu wewe, maana mwanangu nimeshamwona ni hodari wa kubuni. Utaacha au hutaacha?"

Mshale akaitazama ile simu kama anavyomtazama mlinda mlango. "Sitaacha, mama. Labda mpira uniache mimi. Na siku hizi unajaribu."

Kikasikika kitu kama kicheko, au kikohozi.

"Angalau mmoja wenu anasema kweli," alisema mama. "Lakini nisiwadanganye na mimi. Sijapenda. Na shangazi mtu mtamwambia wenyewe, mimi simo. Fundi, ukirudi tutakaa, mimi na wewe, na safari hii useme la moyoni."

Simu ikakatika kweli.

Walibaki wanaitazama. Fundi aliogopa kuinua macho.

"Usidhani nimekusamehe," alisema Mshale.

"Sijadhani."

"Na Profesa utamwomba radhi."

"Nitamwomba."

"Sasa hivi."

Fundi akainuka, akavuka uwanja mpaka kwenye lango. Alimkuta Profesa akifunga mfuko wa mipira. "Kaka," alisema, "nimekukosea. Nisamehe." Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza kusema ukweli na ulikuwa mgumu kuusimamisha, akaongeza, "Lakini mpaka sasa sipendi ukimpikia."

"Basi jifunze kupika," Profesa akamjibu. "Shika upande huo wa mfuko, ni mzito."

* * *

Jumamosi alasiri walikaa jukwaani bega kwa bega, safu ya nne, Mshale ndani ya trakisuti ya klabu, mikono ameibana katikati ya magoti. Watu walikuwa wachache, viti vingi vitupu. Tangu Alhamisi walikuwa wamezungumza kwa adabu, kama wapangaji wa nyumba moja. Pete ya uchumba ilikuwa bado kidoleni kwa Mshale. Fundi aliitazama mara nyingi kuliko mpira.

Chini yao yule namba tisa mpya alikuwa anakimbia. Binti wa miaka kumi na tisa, mfupi, mwepesi kama swala.

"Mzuri?" Fundi aliuliza kwa woga.

Mshale alimfuata kwa macho. "Ana makosa mengi," alisema. Kisha, "Hapana. Ni mzuri. Ni mzuri sana, Fundi, na namwonea wivu mpaka meno yananiuma. Juzi aliteleza bafuni, nikaomba avunjike. Kisha nikamshika mkono nikamwinua."

Hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Miaka yote ya mabao alimletea asali tu. Fundi alihisi kifua kikimfunguka, akajihadhari asitabasamu.

"Endelea," alisema. "Nieleze yote."

Akamweleza. Alimweleza jinsi mguu unavyosita, jinsi anavyoisikia sauti ya mwalimu mkuu hata usingizini, jinsi wenzake wanavyompitia mbali kwenye chumba cha kubadilishia nguo kana kwamba mkosi unaambukiza. Aliongea na macho yapo uwanjani. Dakika ya sitini na kitu ikaja krosi kutoka kulia, na namba tisa akaipiga bila kuisimamisha. Wavu ukatikisika. Uwanja mzima, hao wachache waliokuwepo, wakasimama.

Mshale naye akasimama. Akapiga makofi, kwa nguvu, viganja vikalia. Alipokaa, machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyaficha.

Fundi akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa.

"Usinipe kitu," alisema Mshale. "Usiniambie turudi nyumbani. Usiseme chochote. Kaa tu."

Akakaa.